Vifaa vya kufungulia ekseli ya pedeli kwenye baiskeli ya zamani

Baiskeli inayobeba madumu ya maji au gunia la mahindi kila siku huanza kulalamika katikati, pale miguu inapozungushia. Unasikia "ko, ko" kila unapokanyaga. Wengi wetu huendelea nayo hivyo hivyo mpaka siku kranki inapozunguka peke yake na mzigo ukiwa juu. Makala hii inahusu baiskeli nyeusi za chuma, kama Phoenix za China, Hero za India na Raleigh za Uingereza, ambazo kranki zake zimefungwa kwenye ekseli kwa kotapini.

Kabla ya kutafuta vifaa, jua kwanza kinachogonga. Shika kranki zote mbili kwa mikono na uzitikise. Ikiwa moja inacheza na nyingine imetulia, tatizo ni kotapini yake, na huna haja ya kufungua ekseli. Zikicheza zote pamoja kushoto na kulia ndani ya fremu, hapo ni gololi au vikombe vyake.

Kazi inayoharibu baiskeli nyingi ni kutoa kotapini. Mtu anachukua nyundo, anapiga huku kranki inaning'inia hewani, na pigo lote linaishia kwenye gololi na vikombe. Pini yenyewe inapinda kichwa na haitoki. Kwa maoni yetu, kifaa cha kwanza kutafuta si nyundo bali kipande cha bomba la chuma la nusu inchi. Simamisha baiskeli kwa magurudumu yake, zungusha kranki mpaka upande wa nati uangalie juu, kisha pima kutoka chini mpaka kwenye kranki na ukate bomba kwa urefu huo. Bomba lisimame juu ya jiwe au chuma, na mdomo wake uzunguke kichwa cha pini. Sasa legeza nati mpaka ilingane na ncha ya pini, isiondoke kabisa, maana ndiyo inayolinda uzi. Mwenzako ashike baiskeli. Pigo moja zito la nyundo ya kilo moja hufaa kuliko vipigo kumi vya nyundo ndogo. Ikiwa kuna kutu, weka oili nyepesi jioni ya kuamkia kazi. Utatoa pini zote mbili, kwa sababu ekseli haitoki ikiwa kranki ya upande wa cheni bado ipo.

Ukishatoa kranki utaona kwamba upande wa kushoto, usio na cheni, kuna ringi yenye meno inayobana kikombe. Hapa ndipo tindo hutumika vibaya. Ukigonga ringi kwa tindo mara mbili tatu, meno yanaliwa, na safari ijayo hakuna kitakachoishika. Inataka spana yenye ndoano. Kikombe chenyewe mara nyingi kina matundu madogo, nacho kinataka spana yenye meno mawili. Kama dukani hazipo, fundi wa kuchomea anaweza kukutengenezea kwa vipande vya chuma bapa. Mpelekee baiskeli apime mwenyewe. Zote mbili unazihitaji kwa wakati mmoja, kwa sababu unapokaza ringi kikombe hutaka kuzunguka nayo, na lazima mkono mwingine ukizuie.

Spana kubwa ya kikombe cha upande wa cheni usihangaike kuinunua. Kikombe hicho hakihitaji kutolewa ili kusafishwa. Kitambaa na mafuta ya taa vinatosha kukisafisha kikiwa ndani ya fremu, kisha kikague kwa tochi. Kama kina mashimo, mpelekee fundi mwenye spana yake. Kwenye baiskeli za mtindo wa Kiingereza uzi wake umegeuzwa: hufunguka kwa kuzungusha kuelekea unakokazia nati ya kawaida. Spana malaya hapo huteleza, na mwenye nguvu asiyejua hilo huishia kukikaza zaidi.

Tandaza kitambaa chini kabla ya kuvuta ekseli, maana gololi humwagika. Zikiwa huru, bila kizimba, kwa kawaida ni 11 kila upande, za robo inchi. Nunua zote 22. Ukichanganya mpya na za zamani, mpya ni kubwa kidogo na ndizo zitakazobeba uzito wote. Grisi ndiyo itakayozishikilia kwenye kikombe wakati unarudisha ekseli. Kaza kikombe mpaka ekseli isicheze lakini izunguke laini kwa vidole, ndipo ufunge ringi.

Kotapini nenda nayo dukani kama sampuli. Za Raleigh huwa na unene wa milimita 9.5, nyingine 9, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuzifanya zisishike. Uwe na tupa pia, kwani pini mpya mara nyingine inataka kusawazishwa ubapa wake, na zote mbili zisuguliwe sawa ili kranki zisipishane. Igongee ndani ukitumia lile bomba kama mhimili, kisha ndipo ukaze nati. Usiivute pini kwa nati, uzi utakatika. Baada ya safari ya kwanza igonge tena kidogo na ukaze nati, kwa sababu pini mpya hujikalisha.