Programu Huria na Mkataba wa Jumuiya: Kutoka GNU hadi Ubuntu, na Nafasi ya Kiswahili

UTANGULIZI

Makala haya yananuia kuchunguza historia ya jumuiya zilizojengwa kuuzunguka mfumo endeshi wa Linux, hasa jumuiya za Debian na Ubuntu. Huenda msomaji akauliza ni kwa nini jarida la lugha lishughulikie jambo ambalo kwa desturi huachiwa wahandisi. Jibu letu ni kwamba kila agizo linaloonekana kwenye kiwambo cha tarakilishi ni sentensi. Sentensi hiyo imetungwa na mtu, kwa lugha fulani, na kuna mwenye mamlaka ya kuibadilisha au kukataa isibadilishwe.

Wanaisimu wa Kiswahili wamebuni istilahi nyingi za tarakilishi na kuziorodhesha katika kamusi na faharasa. Hata jina la mtambo wenyewe limetuletea tarakilishi, ngamizi na kompyuta, na mjadala ungalipo. Lakini istilahi za aina hii hazienei kwa kuorodheshwa tu. Huenea zinapowekwa mahali ambapo mtumiaji atazikuta kila siku, apende asipende. Je, ni nani mwenye idhini ya kuziweka mahali hapo? Swali hili haliwezi kujibiwa bila kurejelea historia ya namna programu zilivyofungwa na jinsi baadhi yake zilivyofunguliwa tena.

HURU SI BURE

Programu huandikwa kwanza kwa lugha ambayo binadamu aliyefunzwa anaweza kuisoma. Maandishi hayo ndiyo msimbo asilia. Baadaye hugeuzwa kuwa tarakimu ambazo mtambo pekee ndio unaozielewa. Anayepewa tarakimu hizo bila msimbo asilia anaweza kuitumia programu, ila hawezi kujua inavyofanya kazi wala kuirekebisha. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuuza programu kwa namna hiyo kulikuwa kumekwisha kuwa kawaida ya biashara nchini Marekani.

Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, aliupinga mwenendo huo. Mnamo Septemba 1983 alitangaza kwamba angeandika mfumo endeshi kamili uitwao GNU, ambao mtu yeyote angeruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuugawa. Mwaka 1985 aliunda shirika la Free Software Foundation, na mwaka 1989 ikatolewa leseni ya GPL. Uzito wa leseni hii umo katika sharti lake kuu: anayeigawa programu, iwe ameibadilisha au la, sharti awape wapokeaji msimbo asilia pamoja na haki zile zile alizozipokea yeye. Wahenga walisema kwamba mchimba kisima hukatazwa maji. Leseni hii ilibuniwa kwa makusudi ili mchimbaji asikatazwe, na mtu mwingine yeyote asije akakizungushia kisima ua.

Inafaa tuzingatie hapa kwamba neno la Kiingereza alilolitumia Stallman lina maana mbili, ya uhuru na ya kutolipa, na limemlazimu kufafanua kwa miaka mingi kwamba alikusudia ile ya kwanza. Kiswahili hakina utata huo, kwani huru ni huru na bure ni bure. Tena bure ya Kiswahili ina dharau ndani yake: kazi bure, mtu bure. Hapana shaka wanaozipuuza programu hizi kwa kuwa hazilipiwi huwa wameisikia maana ya pili tu. Istilahi ya programu huria, iliyoshika mizizi katika Kiswahili, inaihifadhi ile maana ya kwanza, nasi tunaitumia kwa sababu hiyo.

Kazi ya GNU ilipiga hatua, ila ilikosa kiini, yaani ile sehemu ya mfumo inayosimamia mtambo wenyewe. Kiini kilitoka mahali ambapo hapakutarajiwa. Mnamo Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, aliwaarifu wenzake kwamba alikuwa akiandika mfumo endeshi kwa kujifurahisha tu. Toleo la kwanza, la Septemba mwaka huo, lilikuwa na mistari ipatayo 10,000. Leseni yake ya awali ilikataza mauzo. Mwaka 1992 aliiacha, akachagua GPL. Tangu hapo watu wasiojuana waliweza kuchangia bila hofu kwamba jasho lao lingekuja kuwa mali ya mmoja wao.

DEBIAN: JUMUIYA NA KATIBA YAKE

Kiini na zana za GNU havikumfaa mtu wa kawaida mpaka vikusanywe, vipatanishwe na kufungashwa. Mnamo Agosti 1993, Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, alianzisha Debian. Jina hilo aliliunda kwa kuunganisha jina la Debra, mchumba wake, na lake mwenyewe. Alitaka ufungashaji huo ufanywe hadharani na watu wengi, kila mmoja akiwajibika kwa kifurushi chake.

Jumuiya ilipopanuka, mazoea na nia njema havikutosha tena. Mnamo Julai 1997, wakati Bruce Perens alipokuwa kiongozi, Debian iliidhinisha mkataba wa kijamii wenye vifungu vitano. Jumuiya iliahidi kwamba mfumo wake ungebaki huru kabisa. Kwamba ingeirudishia jamii ya programu huria kile ilichokitengeneza. Kwamba haitaficha kasoro. Na kwamba ingewatanguliza watumiaji pamoja na programu huria. Kifungu cha mwisho kilikiri kwamba baadhi ya watumiaji huhitaji programu zisizo huru, zikatengewa mahali pake nje ya mfumo wenyewe. Mwongozo ulioambatana na mkataba huo ndio uliotumiwa mwaka 1998 kuandika ufafanuzi rasmi wa programu za msimbo wazi.

Mnamo Desemba 1998 ilifuata katiba. Kiongozi huchaguliwa kila mwaka, na wanajumuiya wanaweza kuutangua uamuzi wake kwa kura. Mpiga kura huwapanga wagombea kwa daraja badala ya kumchagua mmoja, ili mshindi awe yule anayewashinda wengine wote wanapolinganishwa wawili wawili.

Katiba haikuondoa migogoro. Mwaka 2014, mzozo kuhusu programu inayouamsha mfumo wakati tarakilishi inapowashwa ulikuwa mkali hata baadhi ya watu wakajitenga na kuanzisha Devuan. Hata hivyo, waliojitenga walichukua msimbo wote kwa haki kamili, na waliobaki hawakupungukiwa na kitu. Mwaka 2022 mkataba wenyewe ulirekebishwa kwa kura, ili wasakinishaji wapewe programu zisizo huru ambazo baadhi ya mitambo haiwezi kufanya kazi bila hizo. Wapo waliouona uamuzi huo kuwa usaliti, na wapo waliouona kuwa huruma kwa mtumiaji. Lililo muhimu kwa mwanahistoria ni kwamba mabadiliko hayo yalifanywa hadharani na yakaandikwa. Toleo la mwaka 2023 lilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000.

UBUNTU NA UTU

Mwaka 2004 Mark Shuttleworth, tajiri mzaliwa wa Afrika Kusini, aliunda kampuni ya Canonical na kutoa mfumo uliojengwa juu ya Debian. Aliuita Ubuntu. Neno hili si geni kwa mwanaisimu wa Kibantu. Katika Kizulu na Kixhosa lina kiambishi tangulizi u-, kiambishi cha ngeli bu- na mzizi -ntu. Kiswahili kilipoteza kile kitangulizi, kikadondosha b ya ngeli hiyo, na n ikapotea mbele ya t. Kilichobaki ni utu. Kwa hiyo Mswahili anayeliona jina hili kwenye kiwambo huwa anasoma neno lake mwenyewe katika umbo la ndugu zake wa kusini.

Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004, na matoleo yamefuatana kila baada ya miezi sita. Hadi mwaka 2011 kampuni iliwatumia watu diski kwa posta bila malipo, jambo lililowafaa sana wale ambao intaneti yao ilikuwa ghali au dhaifu. Lakini Shuttleworth alijiwekea neno la mwisho, na kampuni ndiyo iliyolipa mishahara. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba sura ya mfumo ingebadilishwa kuwa Unity. Wengi walilalamika, na badiliko likafanywa mwaka 2011. Mwaka 2017 kampuni yenyewe ikatangaza kuiacha sura hiyo. Tunaona basi kwamba jina zuri halitoshi kuwa katiba. Utu wa Ubuntu ulitegemea hisani ya mfadhili, ilhali ule wa Debian, usiokuwa na jina hilo, uliwekewa kura.

KISWAHILI NDANI YA MSIMBO

Mwaka 2004 huo huo, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mwaka huo pia kampuni ya Microsoft ilitangaza nia ya kutoa Windows kwa Kiswahili. Kwa mtumiaji, kazi hizi mbili zilielekea kufanana. Kwa mwanaisimu, tofauti yake ni kubwa, na mfano mmoja wa sarufi utaidhihirisha.

Mwandishi wa programu hutunga sentensi yenye pengo, na tarakilishi hulijaza pengo hilo kwa jina la kitu kilichofutwa. Katika Kiingereza sentensi moja hutosha, kwa kuwa kitenzi hakibadiliki. Katika Kiswahili, faili imefutwa, kiambatisho kimefutwa, jina limefutwa, ujumbe umefutwa, na mtumiaji amefutwa. Mfasiri anaonyeshwa pengo tu, bila kujua ni ngeli gani itakayolijaza. Kivumishi nacho kina shida hiyo hiyo: neno moja la Kiingereza lililowekwa mahali pengi linadai mpya hapa, jipya pale na kipya kwingineko.

Mfasiri hodari anaweza kukwepa, aandike "Tumefuta" kisha ataje kitu. Lakini dawa ya kweli ni kuitenga sentensi moja iwe kadhaa, na hilo hufanyika katika msimbo asilia, kabla ya tafsiri. Katika programu iliyofungwa, mwanaisimu atatuma ombi na kungoja. Katika programu huria ana haki ya kuufungua msimbo, kuonyesha mahali panapoikwaza ngeli, na kupeleka marekebisho yatakayozifaa lugha zote za Kibantu kwa pamoja. Huu si msaada wa mfasiri kwa mhandisi. Ni isimu yenyewe.

Pamoja na hayo, haki isiyotumiwa haizai matunda. Kila toleo jipya huongeza sentensi mpya, na tafsiri isiyofuata matoleo huchakaa: nusu ya kiwambo itasema Kiswahili na nusu Kiingereza. Mradi unaotegemea ufadhili wa muda hukabiliwa na hatari hiyo siku fedha zinapokwisha. Debian iliepuka hatari ya namna hii kwa kumpa kila kifurushi mtu wa kukiangalia, na akichoka, hutafutwa mrithi.

HITIMISHO

Tumeona kwamba leseni ililinda jasho la wachangiaji, na katiba ikalinda uamuzi wao. Jumuiya za Kiswahili zinaweza kuirithi leseni bila gharama. Utunzaji hauwezi kurithiwa, bali lazima upangwe. Tunapendekeza kwamba kila idara ya Kiswahili ijichagulie programu moja huria, hata iwe ndogo, iisimamie tafsiri yake toleo baada ya toleo, na kuihesabu kazi hiyo kuwa utafiti wakati wanafunzi na wahadhiri wanapotathminiwa. Istilahi zitakazowekwa humo zitasahihishwa na watumiaji wenyewe, na zile zitakazokataliwa zitatufunza mengi kuhusu lugha yetu kuliko zile ambazo hazijawahi kutoka katika faharasa.