Abezi na Abatare: Waganwa wa Burundi na Milima Yao

Mrundi ukimwuliza kwao wapi, hakutajii kijiji, anakutajia mlima. Waganwa, watu wa damu ya Mwami, yaani mfalme, nao walikuwa na milima yao, lakini jina la ukoo hawakulitoa huko. Kabaila wa Ufaransa alijiita kwa kijiji chenye ngome yake. Mganwa alijiita kwa babu aliyekalia kiti. Majina ya kifalme yalikuwa manne, yakipokezana: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa. Wajukuu wa Ntare wakawa Abatare, wa Mwezi wakawa Abezi.

Fitina ilianza kwa ugawaji. Ntare Rugamba alipanua nchi, akawapa wanawe mikoa ya pembezoni. Alipomrithi, Mwezi Gisabo alitumia maisha yake kuwapokonya ndugu zake Abatare na kuwapa wanawe mwenyewe. Gishora, karibu na Gitega, ni kumbukumbu ya vita vyake: Mwami alijenga makao pale baada ya kumshinda Ntibirangwa aliyemwasi, akaacha ngoma mbili, Ruciteme na Murimirwa, chini ya walinzi ambao vizazi vyao vinazipiga hadi leo. Lakini wakoloni wa Kijerumani hakuwaweza. Juni 1903, huko Kiganda, alikubali kuwatii na kulipa ng'ombe 424.

Wabelgiji walipokuja, walimkuta Mwambutsa, wa ukoo wa Abezi, kitini tangu utotoni mwaka 1915. Wao walimpenda zaidi Pierre Baranyanka, Mtare, chifu hodari wa kaskazini. Ugomvi wa mababu ukapata mlezi mpya.

Sisi wa Bujumbura tunaujua mwisho wake kuliko mwanzo. Mtoto wa Mwambutsa, Louis Rwagasore, hakujifungia na Waganwa wenzake. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, na Waswahili wa mtaa wa Buyenzi wakawa watu wake wa mwanzo. Kwa maoni yangu, deni la Waswahili hao vitabu vyetu bado havijalilipa. Tarehe 18 Septemba 1961 chama chake, UPRONA, kilipata viti 58 kati ya 64 bungeni. Tarehe 13 Oktoba alipigwa risasi akiwa mezani, kando ya Ziwa Tanganyika. Aliyefyatua ni Mgiriki, Jean Kageorgis. Kati ya walionyongwa Januari 1963 kwa njama ya kumuua walikuwamo wana wawili wa Baranyanka, Ntidendereza na Biroli.

Ufalme haukudumu. Novemba 1966 waziri mkuu, Micombero, alitangaza jamhuri, na Ntare wa Tano, aliyekuwa amempindua baba yake Mwambutsa miezi michache kabla, aliuawa Gitega mwaka 1972.

Zamani Wami walizikwa Kayanza, kwenye Inganzo. Rwagasore yuko Vugizo, juu ya mji wetu. Baba yake alifariki Uswisi mwaka 1977. Mabaki yake yalifukuliwa mwaka 2012 ili yarudishwe nyumbani, lakini wosia wake ulikataza, na mahakama za huko zikaufuata. Mwambutsa amelala Meyrin, kando ya Geneva.