Kosa dogo katika barua ya chuo laweza kumkwamisha mwanariadha

TUNAPOSIMULIA historia ya riadha nchini, tumezoea kuhesabu medali na rekodi. Ni nadra tuhesabu barua. Hata hivyo, Wakenya wengi waliong'aa katika vyuo vya Marekani walianza safari yao kwa karatasi moja iliyopigwa taipu na kutiwa sahihi, ikimwalika kijana kwenda kusoma kwa ufadhili huku akikikimbilia chuo. Katika makala haya ninashikilia kuwa kusoma prufu barua ya aina hiyo, yaani kuipitia kwa mara ya mwisho ili kuondoa makosa ya tahajia, tarakimu na maneno, ni wajibu wa anayeiandika. Si pambo.

Tutazame historia kidogo. Mike Boit, aliyeshinda shaba ya mita 800 jijini Munich mwaka wa 1972, alisomea Chuo Kikuu cha Eastern New Mexico. Kocha John Chaplin wa Chuo Kikuu cha Washington State aliwasajili Samson Kimobwa na Henry Rono. Kimobwa alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 jijini Helsinki mwaka wa 1977. Mwaka uliofuata, Rono akavunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 pekee: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Kwenye Olimpiki za Seoul mwaka wa 1988, Paul Ereng wa Chuo Kikuu cha Virginia alitwaa dhahabu ya mita 800, naye Peter Rono wa Mount St. Mary's akanyakua ya mita 1,500.

Enzi hizo barua ilipitia posta, na kosa moja lilihitaji barua nyingine ya kulirekebisha. Leo inafika kwa baruapepe kufumba na kufumbua. Lakini kasi hiyo imeleta balaa lake. Afisa wa chuo huchukua barua ya mwanariadha wa mwaka jana, akabadilisha jina hapo juu, akaituma. Kumbe aya ya tatu bado inamtaja yule wa mwaka jana!

Kosa la kwanza huwa katika majina. Ulimwengu ulimzoea Kipchoge Keino kama "Kip" Keino. Kwa Wakalenjin, "Kip-" ni kiambishi awali ambacho aghalabu huonyesha jina la kiume. Kumwita mtu "Kip" ni sawa na kukata neno "mtu" ukabakisha "m-". Uwanjani hilo halikumdhuru bingwa wetu. Katika hati rasmi ni jambo jingine kabisa. Chuo humtolea mwanafunzi wa kigeni fomu ya I-20 ili aombe viza, na jina lililomo sharti lioane na lile la pasipoti. Kiplagat akiandikwa Kiplangat, hayo ni majina mawili.

Jinsia nayo huleta utata. Kiswahili hakina shida hapa kwa sababu "yeye" ni wa kike na wa kiume. Kiingereza hakina uhuru huo. Mwandishi asiyejua hukisia, na kukisia hakufai. Edna Kiplagat, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka wa 2011 na 2013, ni mwanamke mwenye jina linaloanza kwa "Ki-p". Dawa ni kuuliza, au kutazama pasipoti.

Hata hivyo, maji huzidi unga tunapofika kwenye pesa. Mwaka wa 1973, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, NCAA, kiliamua kuwa ufadhili wa mwanariadha utolewe kwa mwaka mmoja mmoja, na uweze kufanywa upya. Ni kuanzia mwaka wa 2012 ndipo vyuo vya daraja la kwanza viliporuhusiwa tena kuahidi miaka kadhaa kwa mkupuo. Sasa jiulize: barua ya mwaka wa 1985 ikisema "miaka minne" badala ya "mwaka mmoja unaoweza kufanywa upya", mzazi aliyeuza ng'ombe kwa ajili ya nauli amdai nani?

Vivyo hivyo, kwa miaka mingi timu ya wanaume ya riadha katika daraja hilo iliruhusiwa ufadhili kamili 12.6 pekee, ambao kocha aliugawa kwa wakimbiaji, warukaji na warushaji wote. Ndiyo maana wengi walipata nusu au robo. Barua inayosema "ufadhili" bila kutaja ni asilimia ngapi, wala kama chakula na malazi vimo, haijasema kitu.

Tarehe pia. Mmarekani huandika mwezi kabla ya siku. Kwake 08/05 ni tarehe tano Agosti. Kwetu ni tarehe nane Mei. Mwezi uandikwe kwa jina, basi.

Miaka michache iliyopita, mzazi mmoja aliniletea barua ya chuo fulani nimsaidie kuielewa. Binti yake alikuwa na jina moja kwenye anwani na jingine katika aya ya mwisho. Chuo kilisahihisha, ila siku ya mahojiano ya viza ilikuwa imeshapita. Binti alijiunga na masomo muhula mmoja baadaye. Hakuna aliyefanya hila. Ni kwamba hakuna aliyesoma mara ya pili.

Tena kuna matapeli. Tunawafunza wazazi kuwa barua yenye makosa chungu nzima huenda ni ghushi. Chuo halisi kikituma barua iliyojaa makosa kama hayo, kinamnyang'anya mzazi kipimo chake. Ataitilia shaka ya kweli au ataiamini ya uongo.

Je, kifanyike nini? Wachapishaji wa zamani walisoma prufu wawili wawili: mmoja akisoma nakala asilia kwa sauti, mwingine akifuatisha prufu kwa macho. Vyuo vifanye hivyo. Kocha asiwe msomaji wa pekee, maana aliyeandika huona alichokusudia, si kilichopo. Majina, tarakimu na tarehe vipitiwe peke yake, pasipoti ikiwa mezani. Nasi huku, walimu wa shule za wanariadha tukae na mwanafunzi tuisome barua neno kwa neno kabla ya kutia sahihi.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mwanariadha hufanya mazoezi miaka mingi ili apunguze sekunde moja. Anayemwandikia barua hakosi dakika kumi za kuisoma upya.