Senti 85 na Dola 1.05

Wengi tunaosoma historia ya Marekani kwa mbali tunaijua kesi ya Brown ya mwaka 1954, iliyopiga marufuku sheria za kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za umma. Inasimulika vizuri: ubaya unaonekana kwa macho, wakili ni Thurgood Marshall, na majaji wote tisa wanakubaliana. Kesi ninayoizungumzia hapa ilihukumiwa miaka 19 baadaye. Majaji waligawanyika watano kwa wanne, walalamikaji wakashindwa, na ubaya wenyewe ulikuwa umejificha ndani ya hesabu za kodi. Kila ninapoirudia hukumu hiyo kwa ajili ya masomo yangu ya uzamili, hukwama kwenye hesabu hizo.

Kwanza tuelewane kuhusu fedha. Kwetu Tanzania, mwalimu wa shule ya serikali analipwa na serikali hiyohiyo, awe Masaki au Tandahimba. Marekani wana utaratibu mwingine. Shule za umma ziko chini ya wilaya za shule, na kila wilaya ina mipaka yake, bodi yake na mamlaka ya kutoza kodi ya nyumba na viwanja vilivyomo. Serikali ya jimbo inaongeza fungu lake, na ya shirikisho inaongeza kidogo. Kwa hiyo shule ya mtoto wako inategemea sana nyumba za majirani zako zina thamani gani.

Sasa tutazame San Antonio, Texas, mwaka wa masomo 1967–68. Wilaya ya Edgewood, upande wa magharibi wa jiji, ilikuwa na wanafunzi wapatao 22,000 katika shule 25. Takriban asilimia 90 walikuwa Wamarekani wenye asili ya Meksiko, na asilimia 6 walikuwa weusi. Alamo Heights, katika eneo hilohilo la San Antonio, ilikuwa na wanafunzi wapatao 5,000, wengi wao weupe. Ukigawanya thamani ya mali inayotozwa kodi kwa idadi ya wanafunzi, Edgewood walikuwa na dola 5,960 kwa kila mtoto, na Alamo Heights zaidi ya dola 49,000.

Wakazi wa Edgewood walijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 ya thamani ya mali. Alamo Heights walijitoza senti 85. Yaani maskini ndio waliokubali kubeba mzigo mkubwa zaidi. Walipokwisha kutoa mchango wao katika mpango wa jimbo, Edgewood walibakiwa na dola 26 kwa kila mwanafunzi, Alamo Heights dola 333. Ungetegemea jimbo lizibe pengo. Jimbo liliwapa Edgewood dola 222 kwa kila mtoto, na Alamo Heights dola 225. Sijakosea kunakili. Ukijumlisha na fedha za shirikisho, mtoto wa Edgewood alitumiwa dola 356 kwa mwaka, na wa Alamo Heights dola 594.

Mtu anaweza kusema, basi Edgewood wapandishe kodi. Jaji Byron White aliipiga hesabu hiyo. Ili kufikia kiwango cha juu kabisa cha wilaya nyingine za eneo lile, Edgewood wangelazimika kujitoza dola 5.76 kwa kila dola 100, wakati Alamo Heights wangehitaji senti 68 tu. Na sheria ya Texas iliweka ukomo wa dola 1.50 kwa kodi ya kuendeshea shule. Wangetaka kulingana na wenzao, wangevunja sheria.

Rangi inaingia wapi katika haya? Inaingia kupitia viwanja. Kwa miaka mingi, hati za viwanja katika vitongoji vya San Antonio zilikuwa na masharti ya kutowauzia Wameksiko wala watu weusi. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizizuia mahakama kuyatekeleza masharti ya namna hiyo, lakini kufikia hapo watu walikwisha kugawanyika, na bei za nyumba nazo. Brown alipokuja kufuta ubaguzi wa kisheria, mipaka ya wilaya za shule ilikuwa ikitenganisha watoto bila kutaja rangi ya mtu yeyote.

Mnamo Mei 1968, wanafunzi wapatao 400 wa sekondari ya Edgewood walitoka madarasani na kuandamana hadi ofisi ya mkuu wa wilaya yao ya shule, wakilalamikia majengo mabovu na uhaba wa walimu wenye sifa. Wazazi wao walikwenda kwa wakili Arthur Gochman, na Julai wakafungua kesi. Jina lililobaki kwenye majalada ni la Demetrio Rodriguez, fundi wa mabati katika kambi ya Jeshi la Anga ya Kelly, aliyewahi kuwa mwanajeshi. Wanawe walisoma katika shule ya msingi ambayo ghorofa yake ya juu ilikuwa na popo.

Mwaka 1971 mahakama ya shirikisho yenye majaji watatu iliwapa ushindi. Machi 21, 1973, Mahakama ya Juu iliutengua. Jaji Lewis Powell, aliyewahi kuongoza bodi ya shule ya Richmond, Virginia, aliandika kwamba katiba ya nchi haitaji elimu kama haki, na kwamba kuziachia wilaya zisimamie shule zao ni lengo halali. Siidharau hoja ya pili. Wazazi kuwa na sauti katika shule yao ni jambo zuri, na serikali kuu si malaika. Ila sauti gani ilikuwapo Edgewood, ambako sheria haikuruhusu hata kujitoza kodi ya kutosha? Marshall, sasa akiwa jaji, alikuwa miongoni mwa wanne waliopinga, na hilo ndilo swali aliloliandikia kurasa nyingi. Mtu aliyeishinda Brown alikuwa akitazama wenzake wakikataa kuifikisha pale ilipokuwa ikielekea.

Wazazi walirudi mahakamani mwaka 1984, safari hii katika mahakama za Texas, kwa kuwa katiba ya jimbo inazitaja shule za umma waziwazi. Rodriguez alikuwamo tena. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Texas iliwakubalia, majaji tisa kwa sifuri. Hukumu hiyo ilieleza kwamba wilaya tajiri kuliko zote jimboni ilikuwa na mali ya zaidi ya dola milioni 14 kwa kila mwanafunzi, na maskini kuliko zote takriban dola 20,000. Mwaka 1993 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuzitaka wilaya tajiri zigawane na nyingine, sheria ambayo wapinzani wake bado wanaishambulia. Kufikia wakati huo, wana wa Rodriguez walikuwa watu wazima.