TOPIDO ILIVYOMSHINDA MWINGEREZA PALE RUFIJI, MJERUMANI AKAMALIZA KAZI MWENYEWE

Mdau, ukiwa Kinyangiri maji makubwa unayoyajua ni Ziwa Kitangiri, kwa hiyo stori za manowari unaweza kuona hazikuhusu. Subiri kidogo.

Topido ni bomu linalojiendesha lenyewe chini ya maji. Ilibuniwa 1866 na fundi mitambo Mwingereza, Robert Whitehead, ila sio kwao: kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kilikuwa Fiume, siku hizi Rijeka, Croatia. Ofisa mmoja wa Austria alimpelekea wazo la kiboti cha baruti kinachoongozwa kwa kamba kutoka nchi kavu. Whitehead akaona kamba za nini? Akajaza hewa iliyoshindiliwa kwenye mtungi, hewa ikasukuma injini, injini ikazungusha propela, kichwani baruti. Siri kubwa ilikuwa kifaa cha kushika kina, kinachopima mgandamizo wa maji kikisaidiwa na pendulamu, ili isizame wala isiibuke juu. Uingereza ikaijaribu 1870, mwaka uliofuata ikanunua haki ya kuitengeneza.

Mwanzo wake vitani ulikuwa aibu. Mwaka 1877, pwani ya Peru, HMS Shah ikairushia topido meli ya waasi, Huáscar. Ikakosa! Miaka ya 1890 ndipo ikawekewa jairoskopu ya kuinyoosha njia, na hapo ikaanza kuogopwa kweli.

Sasa njoo nyumbani. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg ya Mjerumani iliizamisha HMS Pegasus pale Unguja, halafu injini ikasumbua, ikajificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Vipuri vikaburutwa na watu kwa nchi kavu mpaka Dar vikatengenezwe. Mwisho wa Oktoba HMS Chatham ikaigundua, lakini manowari kubwa haziwezi kuingia mle, kina ni kifupi.

Mwingereza akatuma boti ndogo yenye topido. Tatizo, topido inataka usogee karibu na uwe na maji wazi mbele yako. Rufiji ni kona juu ya kona, tope, na kwenye mikoko wamejificha mabaharia wa Kijerumani na askari weusi na bunduki zao. Boti ikatimuliwa. Tarehe 10 Novemba wakaizamisha meli kuukuu, Newbridge, ili kuziba mlango wa mto. Kumbe kuna mlango mwingine.

Ikabidi zivutwe Severn na Mersey kutoka Malta, meli za kina kifupi. Julai 1915 zikapiga kwa mizinga, ndege kutoka Mafia zikiwaonyesha pa kulenga. Tarehe 11 Kapteni Looff akaona basi. Akaamuru Königsberg ilipuliwe kwa vichwa vya topido zake yenyewe. Yaani topido iliyoimaliza Königsberg ilikuwa ya Mjerumani mwenyewe.

Mizinga yake 10 ikaopolewa, ikaburutwa kwa mikono ya watu mpaka Dar. Looff ana jina vitabuni. Waliovuta kamba wanaitwa "wapagazi", imeisha hiyo.

Mzinga mmoja ukapandishwa Reli ya Kati, ukapita Itigi, hapo hapo Singida, mpaka Kigoma. Ukafungwa juu ya Götzen, meli ambayo leo tunaiita MV Liemba.