Orodha iliyo kwenye mkoba: Kinga ya data na vifaa ndani ya gari lililoegeshwa

MJI mdogo wa Burnt Forest, Kaunti ya Uasin Gishu, umekaa kando ya barabara kuu itokayo Nakuru, kilomita zipatazo 40 kabla ya kufika Eldoret. Ni mahali pa baridi, penye viazi na maziwa, na wasafiri wengi waelekeao magharibi mwa Kenya na mpaka wa Uganda husimama hapo kunywa chai au kununua gunia la viazi. Gari huachwa kando ya barabara kwa dakika kumi au ishirini. Mwizi wa mikoba hahitaji hata moja.

Kwa kawaida mwenye gari huihesabu hasara yake kwa bei ya kipakatalishi au simu iliyochukuliwa. Hesabu hiyo ina upungufu. Magari yasimamayo katika miji ya aina hii hubeba pia habari za watu wasiokuwamo garini: daftari la mnunuzi wa maziwa lenye majina, nambari za vitambulisho na za simu za wakulima, orodha ya wanachama wa chama cha akiba na mikopo, faili za wagonjwa, nakala za hati za mashamba. Kifaa kikiibwa hununuliwa kingine, lakini orodha ikishatoka haikusanyiki tena.

Katika eneo hili orodha za majina zina uzito wa pekee. Burnt Forest na viunga vyake vilikumbwa na ghasia za kikabila mnamo 1992, kisha tena baada ya uchaguzi mkuu wa Desemba 2007, watu wakauawa na wengine wengi wakahama makwao. Mkazi wa hapo hahitaji kuelezwa kwa nini karatasi inayotaja jina, kabila na shamba la mtu haifai kuachwa juu ya kiti cha gari.

Sheria ya Kulinda Data, iliyoanza kutumika nchini Kenya Novemba 25, 2019, imelitambua jambo hilo. Asili ya kikabila, hali ya afya, maelezo ya mali, na hata majina ya watoto, wazazi, mume au mke wa mtu, yote yamewekwa katika kundi la data nyeti. Sheria hiyo ndiyo inayotekeleza haki ya faragha iliyomo katika Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010. Iwapo data imefikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli ya madhara, shirika lililokuwa na dhamana ya data hiyo linatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 tangu lipate habari, na kuwaarifu wenye data wenyewe. Adhabu ya kiutawala yaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka ya kampuni, ipi iliyo ndogo.

Hasara za namna hii zimekwisha kutokea kwingineko, tena kwa wakubwa. Mnamo Septemba 2011, mjini San Antonio, Marekani, kanda za hifadhi zenye habari za matibabu za wanajeshi na jamaa zao wapatao milioni 4.9 ziliibwa ndani ya gari la mfanyakazi wa kampuni iliyokuwa ikizisafirisha. Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba, kipakatalishi cha shirika la anga la Marekani, NASA, kiliibwa ndani ya gari lililofungwa. Kilikuwa na neno la siri, lakini diski yake haikuwa imefumbwa. NASA ikapiga marufuku kompyuta za namna hiyo kutolewa nje ya ofisi zake zikiwa na habari nyeti.

Tofauti hiyo yafaa kueleweka vyema, kwani wengi huichanganya. Neno la siri la kuingilia ni mlango tu. Mwizi akiichomoa diski na kuipachika kwenye kompyuta nyingine, huzisoma faili bila kuupitia mlango huo. Kufumba diski ni kuigeuza data yote kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo. Programu za kazi hiyo zimo tayari katika kompyuta nyingi: BitLocker katika matoleo kadhaa ya Windows, FileVault katika Mac. Kompyuta izimwe kabisa kabla ya safari, maana iliyolazwa tu bado huuhifadhi ufunguo huo katika kumbukumbu yake. Flashi ndiyo husahauliwa zaidi: ni ndogo, haina kufuli, na aghalabu ndiyo iliyobeba nakala ya kila kitu. Sheria ya 2019 nayo inamwondolea mwenye dhamana wajibu wa kuwaarifu wenye data ikiwa alikuwa ameweka kinga ya kutosha, na kufumba data kumetajwa humo kwa jina.

Kuhusu gari lenyewe, mkoba utiwe ndani ya buti kabla ya kufika mahali pa kusimama, si baada ya kuegesha huku watu wakitazama. Waya wa kuchajia unaoning'inia na kishikio cha simu kwenye kioo vyatosha kumwambia mpitanjia kwamba kuna kifaa karibu. Baada ya kubonyeza rimoti, dereva auvute mkono wa mlango kwa mkono wake, kwani wapo wezi wanaotumia vifaa vya kuziba mawimbi ili gari lisifunge. Hata hivyo, buti si sefu. Mahali salama pa orodha ya wakulima ni mkononi mwa aliyeibeba, hata kama anakwenda kunywa chai tu.

Kosa jingine, ambalo ni la kawaida mno, ni kuweka simu na nakala ya kitambulisho katika mkoba mmoja. Kila kimoja peke yake chamfaa mwizi kidogo. Vikiwa pamoja, anaweza kuitia laini katika simu nyingine, akapokea ujumbe wa kuthibitishia akaunti, na anapoulizwa nambari ya kitambulisho anayo. Laini ya simu yaweza kuwekewa namba yake ya siri, tofauti na ile ya M-Pesa, lakini ni wachache waiwekao.

Wizi ukitokea, laini ifungwe kwanza kupitia kampuni ya simu, kabla hata ya kutafuta kituo cha polisi. Kisha nywila za barua pepe na benki zibadilishwe kwa kutumia kifaa kingine. Polisi watahitaji nambari ya utambulisho ya simu, inayopatikana kwa kubonyeza *#06#, na ni vyema iandikwe nyumbani mapema kwa kuwa haitapatikana simu ikishaondoka. Ripoti ya polisi itaje pia orodha na faili zilizopotea, wala si vifaa peke yake, kwa sababu saa 72 huwa zimeanza kuhesabiwa pindi mwajiri anapojua.