Meza ya babu na skrini mbili

Nimekuwa adimu kidogo, samahani. Niko nyumbani Tukuyu kwa mama tangu wiki iliyopita. Mvua za huku mnazijua, au mmezisikia. Nimekuja na mzigo ambao kondakta wa basi aliuliza mara mbili kama ni televisheni. Si televisheni, ni skrini mbili za kompyuta, inchi 24 kila moja. Mhariri amenikubalia nifanye kazi nikiwa huku kwa miezi mitatu, na mimi kwenye skrini moja nimeshashindwa: upande mmoja nasikiliza sauti za mahojiano na kufungua taarifa za Bunge, upande wa pili naandika. Kubadili dirisha kila dakika kunanimaliza.

Sasa tatizo ni meza. Iliyopo nyumbani ni moja tu inayostahili kuitwa meza ya kuandikia, nayo ni ya marehemu babu. Nimeipima kwa futi ya fundi: urefu futi nne, upana wa kwenda ukutani futi moja na inchi tisa, kimo inchi 30. Nilipozipanga skrini zangu juu yake, zilienea kwa urefu (mbili ni kama sentimita 108, meza ina 122), lakini pua yangu ilikaribia kugusa kioo. Miguu ya skrini inakula inchi nane, kibodi inawekwa mbele yake, basi nafasi imekwisha. Daftari nimeliweka kwenye paja. Kikombe cha chai nimekiweka chini, na paka amekipiga teke.

Mama alipoona nimemwita fundi seremala akauliza neno moja tu: "Mnaikata?"

Hapo ndipo nikaanza kujiuliza ile meza ilitengenezwa kwa ajili ya nini hasa, maana hakuna fundi anayeamua vipimo kwa kuota. Nikajikuta nafukua historia, kazi ninayoipenda kuliko hata ile ninayolipwa.

Anzeni na maneno yenyewe. "Meza" tumeipata kwa Wareno. "Dawati" ni la Kiarabu, na huko lilikotoka maana yake ni kidau cha wino. Kwa Kiswahili cha zamani dawati lilikuwa pia kisanduku cha kuwekea kalamu na karatasi, kitu unachoweza kukibeba kwapani. Yaani zamani zana ya kuandikia ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikuhitaji fanicha! Mtu anakaa mkekani, anafungua kisanduku, anaandika, anafunga.

Meza kubwa zilikuja na daftari kubwa. Wajerumani walipoweka boma hapa Tukuyu, mji wao wa Neu-Langenburg, walitawala kwa makarasi: kodi, hesabu, barua za maakida, na nyingi katika hizo zilikuwa kwa Kiswahili. Karani alihitaji mahali pa kulitandaza daftari la hesabu likiwa wazi kurasa zote mbili, na kidau cha wino pembeni mkono usikiguse. Basi. Hakuhitaji kina kirefu, kwa sababu daftari hulitazami kwa mbali, unaliinamia. Ndiyo maana meza ya karani ni ndefu na nyembamba, na ni ya juu kidogo ili mgongo usipinde sana.

Babu alikuwa karani wa aina hiyo hiyo, ila wa chama cha ushirika cha kahawa, miaka mingi baadaye. Meza hii aliitengenezesha mwenyewe ili amalizie kazi nyumbani usiku. Mwaka 1976 serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, babu alibaki nyumbani na meza yake. Mama anasema tangu hapo ikawa meza ya barua za watu: mwenye mtoto Kyela, mwenye mume migodini, mwenye kesi ya shamba, wote walikuja kukaa upande wa pili na kusema, na yeye anaandika. Sasa mnaelewa kwa nini swali lilikuwa "Mnaikata?"

Tuendelee. Mashine ya taipu ilipokuja ikaleta ugomvi wa kimo. Remington walianza kuuza yao Marekani mwaka 1874, na mwaka huo huo bwana Wooton wa Indianapolis akapata hataza ya meza yake maarufu yenye milango na vijidroo visivyohesabika. Meza ya Wooton ilikuwa ya bosi anayeficha karatasi zake, mashine ya Remington ikawa ya mchapaji anayeonwa na kila mtu. Na taipu ina vitufe vilivyoinuka juu ya meza, kwa hiyo ukiiweka kwenye meza ya kalamu ya inchi 30, mabega yanapanda hadi masikioni. Ndiyo asili ya ile meza fupi ya mchapaji, ya inchi 26 au 27 hivi, ambayo wengi wetu tumeiona kwenye ofisi za zamani imewekewa mtungi wa maji.

Kompyuta ilichelewa kufika mezani kwetu, na si kwa bahati mbaya. Ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mtambo wa kuwekwa chumbani, si wa kukaa juu ya meza. Mambo ya hesabu za serikali yakaenda mrama, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku (miaka mia kamili baada ya Remington, kama mnapenda hizo). Kwa hiyo zilipoanza kuenea maofisini miaka ya 1990, zilikuta meza za kalamu na meza za taipu, hakuna hata moja iliyotengenezwa kwa ajili yake. Zile skrini za zamani zenye kisogo, ya inchi 17 ilikuwa na kina cha zaidi ya sentimita 40! Watu wakazisukumia kwenye kona, au wakaziweka pembeni na kuandika shingo imepinda siku nzima.

Skrini mbili nazo si jambo la jana. Macintosh II iliruhusu zaidi ya moja tangu 1987, na Windows ikafuata mwaka 1998. Lakini ni nani angekuwa na meza ya visogo viwili? Ni skrini nyembamba ndizo zilizofanya iwezekane, na hapo watu wakadanganyika kwamba sasa meza nyembamba inatosha. Haitoshi, wadau. Kisogo kimeondoka, lakini jicho bado linataka umbali wa mkono ulionyooshwa, sentimita 50 hadi 70. Duka moja la samani Dar lilitaka kuniuzia "meza ya kompyuta" ya kina cha sentimita 45. Nilimshukuru muuzaji nikaondoka.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii. Kwa skrini mbili za inchi 24, kina kisipungue sentimita 70, na 75 ni raha. Urefu 140 hadi 150, si kwa ajili ya skrini bali kwa ajili ya daftari, taa na kikombe. Kama zako ni za inchi 27, zenyewe tu zinafika sentimita 122, basi usiende chini ya 150. Na kama unaandikia zaidi kwenye moja, hiyo iweke mbele yako kabisa, nyingine igeuze pembeni. Mpasuko wa katikati ukiwa mbele ya pua, shingo itakuambia.

Nilimweleza fundi yote hayo, akasikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Kijana, meza haina shida. Ukuta ndio uko karibu."

Alichopendekeza ni kuivuta meza ya babu mbele inchi tisa, na nyuma yake kupachika ubao wa upana huo huo, urefu futi tano, juu ya vyuma vya pembe vilivyofungwa ukutani. Jumla kina kinakuwa futi mbili na nusu, sentimita 76. Skrini zinakaa kwenye ubao mpya, mikono yangu inabaki kwenye meza ya babu. Hakuna msumari hata mmoja unaoingia kwenye mti wa zamani. Kimo bado ni cha kalamu, kwa hiyo nitapandisha kiti na kuweka kibao cha kukanyagia.

Mama alikuja kusikiliza mlangoni. Akamwambia fundi ndaga fijo, akaenda kuweka chai.

Ubao ni wa paini kutoka Kiwira na bado mbichi. Fundi amekataa kuupachika, anasema kwa unyevu wa huku utapinda kabla sijamaliza habari ya kwanza. Ameulaza juu ya dari ya jikoni ukaukie moshi, wiki mbili. Haya nimeyaandika kwenye skrini moja, nyingine bado iko kwenye boksi chini ya kitanda.